Ulichezea hela ya korosho, sasa unafanyaje? Namna ya kuachana na ya nyuma na kumtegemea Mungu kwa yajayo

Hii naiandika kwa mtu wa Tandahimba, Newala, Nachingwea, Lindi vijijini huko, popote mikorosho ilipo, ambae msimu uliopita alifanya mambo ambayo mpaka leo akiyakumbuka usiku usingizi unakata. Kuna aliyechukua hela ya kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa, kipindi cha njaa halafu mzigo wote ukaishia kwa tajiri, kuna aliyeweka rehani mikorosho ya mama yake bila kumwambia, kuna ambae hela ya mnada iliisha Mtwara mjini kabla haijafika nyumbani. Mi ni muislamu kwahiyo nasema kwa ninavyoijua dini yangu, ndugu zetu wa Masasi na Ndanda wanaosali kanisani wachukue linalowafaa.

Kabla ya yote chambua kosa lipi lako na lipi sio lako, maana huku watu wanabeba mizigo ambayo hata sio yao. Mfano 2018, wakulima waliikataa bei ya mnada, minada ikasimama, mwezi wa 11 serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, na wengi malipo yakachelewa sana tu, sasa kama mwaka ule mtoto alikaa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule hilo hukulileta wewe, achana nalo kabisa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukila maua na salfa ya kuuzuia ulipuliza kwa wakati, nalo sio lako. Ila kama hela ya salfa uliinywea hiyo ni yako, iseme hivyohivyo ilivyo, usimsingizie shetani wala jirani wala mganga.

Haya, lile lililo lako unalifanyaje. Masheikh wanatufundisha toba ina masharti yake: uache hilo kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu umrudishie. Hapo kwenye kurudisha ndo wengi wanapokwama, mtu analia msikitini mpaka kanzu inalowa lakini nyumbani kwa bibi aliyemkopa hapiti, anazunguka njia ya nyuma asionekane, halafu anashangaa mbona moyo hautulii. Utatuliaje sasa, wakati ya bibi bado hujayagusa?

Kwahiyo chukua daftari, andika jina la mtu, unachodaiwa, basi. Usiandike sababu. Ukishaandika anza na aliye karibu kuliko wote, na usitume meseji, nenda mwenyewe, jioni baada ya alasiri watu wakiwa wametulia, umkute mama yuko barazani anatwanga kisamvu, ukae chini kwenye jamvi, sio kusimama umeshika ufunguo wa pikipiki. Maneno yawe machache. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa ile mikorosho. Niliiweka rehani bila kukuuliza, nimekukosea. Leo nina elfu ishirini hii hapa, na mnada wa kwanza ukilipa nakuletea nyingine." Ukimaliza kaa kimya. Usianze kusema unajua mama maisha yalikuwa magumu, hapo utakuwa umeharibu kila kitu, unaomba msamaha huku unajitetea. Atakusema, anaweza kukukumbushia mpaka ya utotoni na kumtaja marehemu baba yako, we sikiliza tu. Na asiposamehe siku hiyo usikasirike, siku ya msamaha hupangi wewe, endelea kupeleka ulichoahidi.

Hiyo ndo kazi kubwa kwa kweli, ukishaifanya haya mengine ni mepesi kidogo.

Kuna zile fikra za usiku, ningejua nisingechukua kangomba, ningejua ningejenga. Mtume s.a.w. alitukataza hilo, jambo likikupata usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, sema Mungu kakadiria na alilotaka kalifanya, maana lau inafungua kazi ya shetani. Kwahiyo ikija saa nane usiku usiishike simu, utaingia kwenye grupu uone watu wanarusha picha za bati jipya uzidi kuumia. Amka, tia udhu, swali rakaa mbili, leta istighfari, rudi ulale. Na ukihisi dhambi yako imezidi kipimo soma sura Zumar aya ya 53, Mungu anawaambia haohao waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema yake. Wa kijiweni wanaokuita jina la utani kwa ajili ya msimu ule, cheka nao mara moja, wakirudia hama kijiwe.

Kumtegemea Mungu sasa. Mtu mmoja alimuuliza Mtume nimfunge ngamia au nimwache nitawakali, akaambiwa mfunge kisha tawakali. Ngamia wako wewe ni kupalilia mapema, kuhakikisha jina lako liko sawa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, salfa kupulizwa wakati wake, na akaunti ya benki iwe ya kwako sio ya shemeji. Na siku hela ikiingia usiende kuitoa peke yako, nenda na mwenzio wa ndani, mkae mezani mgawe ya madeni ya kwenye daftari kwanza na ya shule Januari, ndo mengine. Bei ya mnada, mvua, hayo mwachie mwenyewe.

Kama mtu uliyemdhulumu amefariki, deni halijafa, wapelekee warithi wake, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa ndugu zake wamehamia wapi. Ukiwatafuta kweli ukawakosa, itoe sadaka kwa nia yake, na kabla hujafanya hivyo kamuone shehe wa msikitini kwenu akuelekeze vizuri, maana wakija kutokea baadae wanaweza kuidai.