Sataranji: Jizoeze Kuona Jibu la Mpinzani

Mchezaji aliyekwama mahali pamoja kwa miezi mingi kwa kawaida hukimbilia kutafuta ufunguzi mpya, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo wa mchezo. Mara nyingi tatizo haliko huko. Anaona hatua yake, anaipenda, anaicheza, halafu ndipo anagundua alichojibiwa. Mazoezi yote yaliyoelezwa hapa yanalenga kuhamisha ugunduzi huo uje kabla ya mkono kugusa kete.

Chukua ubao ujaribu mfano huu. Kila mraba una jina: herufi a hadi h ni mstari wima, ukianzia kushoto kwa Mweupe, na namba 1 hadi 8 ni safu, ukianzia upande wake. Mweupe anasogeza kitunda e4, Mweusi naye e5. Farasi mweupe f3, farasi mweusi c6, askofu mweupe c4. Sasa Mweusi anarusha farasi wake d4, na kitunda chake cha e5 kinabaki bila mlinzi. Farasi mweupe anaweza kukila bure. Akikila, malkia mweusi anatua g5 na kushambulia viwili kwa mpigo: farasi wa e5 na kitunda cha g2. Mweupe anajibu kwa kula f7, maana huko farasi anamgusa malkia na ngome pamoja. Malkia anakula g2, ngome nyeupe inakimbilia f1, malkia anakula e4 kwa cheki, yaani akimshambulia mfalme, askofu anarudi e2 kuziba, na farasi mweusi anaingia f3. Mchezo umekwisha. Askofu wa e2 hawezi kumla farasi huyo kwa sababu amefungwa: akitoka, mfalme anabaki wazi mbele ya malkia.

Mweupe hakukosea kwa kutojua ufunguzi. Alikosea kwa kutouliza, "Nikila e5, ana cheki gani, anaweza kula nini, anaweza kutishia nini?" Angeuliza, angeona malkia akija g5, na angechagua tu kumla farasi wa d4 kwa farasi wake, kisha amfiche mfalme kwa hatua ile inayomsogeza kando pamoja na ngome.

Mbinu za mapigo

Tenga dakika 20 hadi 30 kila siku kwa mafumbo. Anza na mepesi ya hatua moja na mbili: kushambulia viwili kwa mpigo, kete iliyofungwa mbele ya mkubwa wake, kumfukuza mkubwa ili aliyejificha nyuma yake aliwe, kufungua mstari kwa kuondoa kete yako mwenyewe, na kumwondoa mlinzi. Mafumbo magumu yanavutia, lakini kinachohitajika kwanza ni jicho linalotambua umbo bila kufikiri, na hilo linatokana na wingi wa mepesi.

Chagua kama 150, yamalize, kisha yarudie yote tangu mwanzo. Raundi ya pili iende haraka zaidi, ya tatu zaidi tena. Unaporudia lile lile, umbo linakaa kichwani. Ukikimbilia jipya kila siku, unasahau la jana.

Kosa kubwa katika mafumbo ni kubahatisha. Mtu anaona cheki, anaibonyeza, ikikubaliwa anatafuta inayofuata. Hapo hafanyi zoezi lolote, maana kwenye mchezo wa kweli hakuna wa kumwambia kwamba hatua ya kwanza ilikuwa sahihi. Usicheze hatua ya kwanza mpaka uwe umeona ya mwisho, pamoja na jibu kali kuliko yote upande wa pili. Ukikosa, andika daftarini ulichokosa kuona: jibu gani, la kete gani. Baada ya wiki chache utakuta kosa linajirudia. Wengi hawaoni askofu akila kutoka mbali, au farasi akirudi nyuma.

Ufunguzi

Hapa tumia muda mchache. Mmoja ukiwa Mweupe, mmoja dhidi ya e4, mmoja dhidi ya d4, basi. Shika kitovu kwa vitunda, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme kando kabla ya hatua ya 10, unganisha ngome, yaani zilindane bila kete kati yake. Usisogeze kete moja mara mbili bila sababu, wala usimtoe malkia mapema akafukuzwa na kila farasi. Baada ya kila mchezo angalia ulipotoka kwenye njia unayoijua, jifunze hatua moja zaidi na sababu yake, kisha endelea. Ukikariri hatua 15 bila sababu, utapotea mpinzani atakapocheza ya 6 tofauti.

Mwisho wa mchezo

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo wengi hawagusi. Kete zikiwa chache, unaweza kuona kila kitu mpaka mwisho, kwa hiyo ndipo mahali bora pa kujifunza kuhesabu.

Weka mfalme mweupe e4, kitunda cheupe e3, mfalme mweusi e6, bila kete nyingine. Kama ni zamu ya Mweusi, Mweupe anashinda: mfalme mweusi lazima apishe; akienda d6 mweupe anaingia f5, akienda f6 anaingia d5. Kama ni zamu ya Mweupe, ni sare, maana sasa yeye ndiye anayelazimika kupisha. Kete ni zile zile, miraba ni ile ile. Zamu peke yake imebadilisha matokeo.

Sasa rudisha kitunda e2, zamu ya Mweupe. Anacheza e3, na ghafla zamu imekuwa ya Mweusi katika umbo lile la ushindi. Ndiyo maana mfalme hutangulia na kitunda hufuata nyuma. Anayekimbiza kitunda mapema anaitumia hatua yake ya akiba kabla haijahitajika.

Mambo mengine mawili ya kuweka kichwani. Mfalme akifika safu ya 6 mbele ya kitunda chake, ushindi upo hata kama zamu ni yake, isipokuwa kwa kitunda cha pembeni, a au h. Hapo mfalme wa mpinzani akiwahi kona ni sare. La pili: mfalme mweupe akiwa d6, kitunda e6, na mfalme mweusi e8, kitunda kinaingia e7 bila cheki na Mweupe anashinda. Lakini mfalme mweusi akiwa d8, kitunda kikiingia e7 kwa cheki, mweusi anarudi e8, na Mweupe ama anakiacha kitunda kiliwe, ama anakilinda na kumnyima mpinzani hatua yoyote. Sare.

Zicheze hizi na mwenzako, au na programu ya kompyuta, pande zote mbili, mpaka ushinde kila unapotakiwa kushinda na upate sare kila unapotakiwa kujitetea. Kuisoma tu haitoshi. Mkono wenyewe lazima uzoee.

Baada ya hapo ingia kwenye ngome, ambazo ndizo hubaki mara nyingi kuliko kete nyingine. Maumbo mawili yanatosha kwa kuanzia. Ukijitetea ukiwa Mweusi mwenye ngome dhidi ya ngome na kitunda, weka mfalme wako mbele ya kitunda na ngome yako kwenye safu ya 6 ukihesabu kutoka upande wa Mweupe, ili mfalme wake asipite. Kitunda kikiingia safu ya 6, teremsha ngome yako mpaka safu ya 1 na umpe mfalme cheki kutoka nyuma. Hana tena pa kujificha. Ukishambulia ukiwa Mweupe, jifunze kujenga daraja: mfalme mweupe g8, kitunda g7, ngome nyeupe f1, mfalme mweusi e7, ngome nyeusi h2. Ngome nyeupe inatoa cheki e1, mfalme mweusi anakwenda d7, kisha ngome hiyo inapanda e4. Mfalme wako akitoka nje na kufukuzwa kwa cheki kutoka nyuma, anashuka mpaka g5, ngome inaziba g4, na kitunda kinapita.

Michezo ya mabingwa

Funika hatua kwa karatasi. Chagua upande wa mshindi, kisia kila hatua, andika hatua yako na jibu unalolitarajia, ndipo ufunue. Ukikosea, tafuta sababu kabla ya kusoma maelezo. Mchezo mmoja kwa saa nzima ni mwendo mzuri.

Anza na mchezo wa Paul Morphy huko Paris mwaka 1858, dhidi ya waungwana wawili walioshauriana. Una hatua 17 tu. Simama kwenye hatua ya 13, ngome nyeupe inapokula d7, na uhesabu kete nyeusi ambazo hazijatoka nyumbani: askofu wa f8 na ngome ya h8 hazikuwahi kusogea mpaka mwisho. Kwenye hatua ya 16 Morphy anamtoa malkia kafara b8 kwa cheki. Farasi wa d7 hana budi kumla, mstari wa d unafunguka, na ngome inamaliza kazi d8 ikilindwa na askofu wa g5. Kisha endelea na José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kati ya 1921 na 1927. Mipango yake inaonekana wazi, na mwisho wa michezo yake ni darasa tosha.

Michezo yako mwenyewe

Cheza taratibu, angalau dakika 15 kwa kila mchezaji, tena kwa nyongeza ya sekunde kila hatua. Michezo ya dakika 3 inakufundisha kucheza bila kuuliza lile swali. Ukimaliza, hasa ukishindwa, pitia peke yako kwanza na uandike ulikuwa unafikiri nini pale mambo yalipoharibika. Kompyuta ije baadaye. Ikija mapema inakuonyesha hatua bora, nawe unakubali kwa kichwa bila kujua kwa nini hukuiona. Kwa kila kosa andika aina yake: sikuona tishio, niliona nikahesabu vibaya, sikujua umbo, au saa ilinibana. Aina inayoongoza kwenye daftari ndiyo ipewe muda mwingi wiki inayofuata.