Heathrow hadi Schiphol: usihesabu kilomita

Ukipanga safari ya ndege ya London Heathrow kwenda Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, usipige hesabu kwa umbali. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370 tu, na angani ndege haimalizi saa nzima. Kahawa hujaipuliza ikapoa, mnaanza kushuka. Ila tiketi itaandika saa 1 na dakika 20 hivi. Dakika nyingine zinaliwa ardhini: foleni ya kuruka Heathrow, halafu mkitua Schiphol kwenye njia ya kutua ndege ya Polderbaan, iliyo mbali kuliko zote, ndege inaweza kutambaa robo saa kabla ya kufika mlangoni, tena ikivuka juu ya barabara kuu ya magari.

La kuangalia zaidi ni saa. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima. Ukiondoka Heathrow saa nne asubuhi, unatua saa sita na dakika 20. Kurudi, unaondoka saa nne, unafika saa nne na dakika 20! Tiketi haijakosewa, kila muda ni wa mahali husika. Kama unaunganisha ndege ya Nairobi pale Schiphol, hesabu kwa saa za Amsterdam, si za simu iliyobaki na saa za London.