Kabla hujaingia Ngome Kongwe: kwa kijana wa skuli anayetaka kusikiliza muziki jukwaani Unguja

Anza na safari ya kurudi. Najua ndilo jambo la mwisho kumjia akilini mtoto wa miaka 16, Februari imeshaingia na wenziwe darasani hawana mazungumzo ila Sauti za Busara, tamasha la muziki la Ngome Kongwe. Lakini muziki wa mjini kwetu huchelewa kuanza, na daladala huadimika mapema. Mara yangu ya kwanza nilihesabu nauli ya kwenda tu. Mwimbaji niliyemfuata alipanda jukwaani inakaribia saa sita usiku, nikarudi kwetu Kwahani kwa miguu, viatu mkononi, natunga uongo njia nzima. Nilipofika, baba alikuwa amekaa barazani ananisubiri. Uongo wenyewe haukufika hata sentensi ya pili.

Kwa hiyo ruhusa iombe siku kadhaa kabla, si jioni ile ile umeshavaa. Sema unakwenda wapi, na nani, atakayekurudisha ni nani na saa ngapi. Ukiwa na mjomba, dada au shangazi apendaye muziki, mambo huwa mepesi: majumbani mwetu ruhusa mara nyingi hupewa yeye, wewe unafuata nyuma. Nauli ya kurudi itie mfuko wa peke yake, usiiguse hata harufu ya mishikaki ya Forodhani ikikuita kwa jina. Na simu iwe na chaji ya kupigia nyumbani. Ukirekodi kila wimbo, saa nne tu imeshazima.

Tiketi za Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, zina bei tofauti kwa Watanzania na kwa wageni. Wewe kitambulisho cha Mzanzibari bado huna, basi chukua cha skuli au nakala ya cheti cha kuzaliwa, usije ukabishana mlangoni foleni nzima ikikutazama. Ndani ya Ngome watu hubanana, na mtandao wa simu huweza kulemewa. Mkubaliane mapema pahala pa kukutania mkipoteana, tena nje, upande wa bustani ya Forodhani. Penye watalii wengi pombe huuzwa. Maji yako yanunue mwenyewe, na kinywaji kilichokwisha funguliwa usikipokee, hata kwa rafiki.

Masikio nayo yana hesabu yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Huna kipimo mfukoni, lakini ikikubidi upige kelele ili aliye ubavuni mwako akusikie, ujue mmekaribia mno spika. Rudi nyuma, au toka nje ukapunge upepo kwa robo saa. Pamba haisaidii sana. Vizibo vya masikio ndivyo hasa.

Mimi lakini ningekushauri usianzie tamashani. Anzia padogo, kwenye taarabu ya kukaa kitako. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, cha Culture Musical Club tangu 1958, na hawa wa Culture nyumba yao iko Vuga. Ulizia siku za mazoezi na adabu ya kuingia. Mazoezi ni bora kuliko onyesho kwa anayejifunza kusikiliza: wimbo husimamishwa katikati, fidla zinarudia kipande kimoja mara tano, na hapo ndipo unapogundua akodiani ilikuwa inafanya nini muda wote. Wanafunzi wa Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002, nao hupiga mbele ya watu, na wengine ni wa rika lako.

Siku ya onyesho lenyewe fika mapema uikute bashraf, kipande cha ufunguzi kisicho na maneno. Wenye haraka hudhani vyombo vinajaribiwa. Kisha utaona watu wananyanyuka na noti, wanakwenda kwa mwimbaji wakiyumba taratibu. Huko ndiko kutunza. Si lazima na wewe utoe, lakini kabla hujainuka sikiliza maneno: pengine ubeti huo unampiga kijembe mtu aliyekaa safu ya mbele, na kwa noti yako utakuwa umeingia ugomvi usioujua.

Kidumbak cha harusini, ngoma iliyo ndugu wa taarabu, chenye sanduku (besi ya boksi na uzi), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na fidla, ni raha isiyo na kifani, lakini harusi ina mwaliko wake na mara nyingi ukumbi ni wa wanawake. Mvulana atasikilizia nje. Msichana akiingia simu ibaki mkobani, kwani mle ndani watu wamevua mabuibui. Ramadhani usitafute kitu. Ngoja Idi, usiku wa nguo mpya, taarabu hurudi.

Onyesho likimalizika usikimbilie mlango. Wapiga vyombo hukusanya vitu vyao polepole, na wazee wengi hufurahi kuulizwa. Mpe salamu mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi kinachopakatwa, muulize huzikaza vipi nyuzi zaidi ya 70 zikakubaliana. Mkono wako uweke nyuma mpaka akwambie shika.