Ukichomoa adapta ya Wi-Fi, Linux inakufa: namna ya kumkamata mhusika

Hapa Mwanga, mjini Kigoma, kuna dada ana steshenari yenye kompyuta mbili na adapta moja tu ya Wi-Fi ya USB. Asubuhi inakaa kwenye mashine ya kuchapa, mchana anaichomoa na kuipeleka kwenye ya pili. Mara nyingine inachomoka salama. Mara nyingine kioo kinaganda palepale na hakuna kinachosikia, hadi ubonyeze kitufe cha kuzimia. "Fundi, imekufa tena, na huyu kijana anawahi boti Kibirizi," ndivyo alivyonipigia. Fundi aliyenitangulia alishambadilishia RAM na pawa saplai. Hela ilikwenda, ugonjwa ukabaki.

Mashine ni Ubuntu 22.04, yaani Linux, yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.15. Amri zote hapa nimezipiga kwenye mashine hiyo.

Hatua ya 1: Jua imekufa kifo gani

Ikiganda, usikimbilie kuzima. Tazama saa ya kwenye kioo. Kama dakika zinatembea lakini kibodi na mausi vimekufa, kerneli ipo hai. Huenda kilichokufa ni mfanyakazi wake wa ndani anayeshughulikia USB: kapata ajali akiwa ameshika kufuli, kufuli halikuachiwa, na kila kifaa cha USB kinasubiri foleni isiyosogea. Ingia kutoka mashine nyingine kwa ssh kupitia waya wa mtandao, piga `sudo dmesg`, soma, ruka hadi hatua ya 4.

Kama saa nayo imesimama, au kwenye laptopu taa ya Caps Lock inapepesa, hiyo ni panic, kerneli yenyewe imekufa. Endelea chini.

Hatua ya 2: Irudie ajali bila kuchomoa

Kuchomoa kwa mkono mara hamsini kunalegeza tundu. Kerneli inakuruhusu kutenganisha draiva (programu inayokiendesha kifaa) na kifaa kwa amri, na njia inayopitiwa ndani ni karibu ileile:

`ls /sys/bus/usb/drivers/JINA_LA_DRAIVA/`
`echo '1-3:1.0' | sudo tee /sys/bus/usb/drivers/JINA_LA_DRAIVA/unbind`

Penye JINA_LA_DRAIVA weka jina la draiva ya adapta yako. Namba ya `1-3:1.0` utaiona kwenye ile amri ya kwanza; yako itakuwa tofauti. Kabla ya kupiga, funga mafaili yote na andika `sync`. Mimi ilikufa jaribio la tatu.

Hatua ya 3: Kamata maneno ya mwisho

Hapa ndipo nilipoachwa na usiku. Nilianza saa mbili, nikapata jibu saa saba kasoro, wakati wavuvi wa dagaa wameshawasha taa zao ziwani.

Wengi watakuambia upige `journalctl -k -b -1` baada ya kuwasha upya. Piga, haigharimu kitu, lakini kwenye panic mara nyingi hukuti neno. Kerneli imekufa kabla maandishi hayajafika kwenye diski. Wengine wanapiga picha ya kioo kwa simu. Ukiwa kwenye mazingira ya madirisha hakuna cha kupiga, maana maandishi hayatokei; hamia kwanza kioo cha maandishi kwa Ctrl+Alt+F3. Hata huko utapata mkia tu, na mstari unaoutaka umeshapanda juu ukapotea. Kuna pia kdump, inayohifadhi kumbukumbu ya kerneli inapokufa. Ni kitu kizuri kwenye seva, lakini inatenga sehemu ya RAM muda wote, na mimi siwezi kumfanyia hivyo mtu mwenye GB 2 anayefungua PDF za watu kutwa. Siipendi kwa mashine ndogo, basi.

Ninayoitumia ni netconsole. Kerneli inarusha maandishi yake moja kwa moja kwenye waya wa mtandao kwa UDP, bila kupita kwenye diski. Unahitaji laptopu ya pili na waya mmoja wa RJ45 kati yao. Ruta haihitajiki.

Kwenye mashine mgonjwa (`enp3s0` ni jina la tundu lake la waya; lako huenda likawa tofauti):

`sudo nmcli dev set enp3s0 managed no`
`sudo ip addr add 10.0.0.1/24 dev enp3s0`
`sudo ip link set enp3s0 up`
`sudo modprobe netconsole netconsole=6665@10.0.0.1/enp3s0,6666@10.0.0.2/`

Kwenye laptopu yako, ukishaipa 10.0.0.2 kwa namna hiyohiyo:

`nc -u -l 6666 | tee kifo.txt`

Inaonekana rahisi. Sasa mitego, kwa mpangilio nilioiangukia.

Ule mstari wa nmcli mwanzoni sikuuweka. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, ilikaa inaomba kugawiwa anwani kwa DHCP, ikakosa, ikanifutia anwani yangu. Ping inakubali dakika moja, ya pili inakataa, nikadhani waya mbovu. Nikaenda kuazima mwingine.

Kisha ukuta wa moto (firewall) wa laptopu yangu mwenyewe. `sudo ufw allow 6666/udp`, imekwisha.

Kisha ule ulionila saa mbili nzima. Ping inakwenda, ukuta umefunguka, najaribu kwa kuandika ujumbe wangu kwenye kerneli:

`echo jaribio | sudo tee /dev/kmsg`

Kimya. Nikafuta netconsole, nikairudisha. Kimya. Nikabadilisha namba za milango, nikaweka anwani ya MAC ya laptopu, nikawasha upya mashine zote mbili. Kimya. Kumbe kila kitu kilikuwa sawa tangu saa nne! Kerneli ina ngazi za ujumbe, na kwenye konsoli hutoka tu ule wenye namba ndogo kuliko kiwango kilichowekwa. Ubuntu ile imewekwa 4. Ujumbe unaouandika kwa `echo` bila kutaja ngazi nao ni 4. Nne si ndogo kuliko nne, kwa hiyo haurushwi. Dawa:

`sudo dmesg -n 8`

"jaribio" likatokea upande wa pili, nikacheka peke yangu dukani.

Mambo mawili zaidi. Netconsole usiipitishe kwenye Wi-Fi, tumia waya. Na kama kifaa unachokichomoa ndicho adapta ya waya ya USB, usirushe maandishi kupitia hichohicho. Utakuwa unakata tawi ulilokalia.

Ukishaona "jaribio", rudia hatua ya 2.

Hatua ya 4: Soma

Tafuta mstari unaoanza na `RIP:`. Mwishoni, ndani ya mabano ya mraba, kuna jina la moduli (kipande cha kuongeza kwenye kerneli, kama draiva) iliyokuwa inafanya kazi wakati wa ajali. Kama hakuna mabano, shuka kwenye `Call Trace` utafute jina la kwanza lenye mabano. Mistari yenye alama ya kuuliza usiiamini sana. Kisha tazama `Tainted:`. Herufi O maana yake kuna moduli iliyotoka nje ya kerneli, E maana yake haina saini. Mashine ikiwa hai, `cat /proc/sys/kernel/tainted` ikikupa 12288, ndizo hizo mbili pamoja.

Yetu ilikuwa na O na E, moduli ni ya Wi-Fi, na mstari wa mwisho `Fatal exception in interrupt`. Hapo kisa kimejieleza. Draiva iliweka kipima muda kiamke baada ya muda fulani. Adapta ikachomolewa, draiva ikaachia kumbukumbu yake bila kukizima kipima muda. Kikaamka, kikagusa kumbukumbu ambayo si yake tena. Ndiyo maana si kila mara inakufa: inategemea umechomoa sekunde ipi.

Hatua ya 5: Tibu

Mtu fulani alishusha draiva hiyo mtandaoni na kuijenga kwa DKMS (chombo cha kujenga draiva za nje ya kerneli), kwa sababu 5.15 haikuwa na ya kwake. Lakini familia ya rtw88, draiva za Realtek zilizomo ndani ya kerneli, ilianza kukubali adapta za USB kwenye kerneli 6.2, na hii ya dada imo. Tukapandisha kerneli (andaa bando la kutosha):

`sudo apt install linux-generic-hwe-22.04`

Kisha ondoa ya zamani:

`dkms status`
`sudo dkms remove JINA/TOLEO --all`

Na hii usiisahau:

`grep -r blacklist /etc/modprobe.d/`

Skripti za kusimika draiva za nje zina tabia ya kuizuia ile ya ndani ya kerneli, na ukizifuta kizuizi kinabaki. Futa mstari huo tu, piga `sudo update-initramfs -u`, washa upya.

Kama kifaa chako hakina draiva ya ndani na unao msimbo wa hiyo ya nje, fungua kazi ya `disconnect`, ile inayoitwa kifaa kikichomolewa, uangalie mpangilio. Kwanza `unregister_netdev`, kisha `usb_kill_urb`, kisha `del_timer_sync` na `cancel_work_sync`, na kuachia kumbukumbu kuwe mwisho kabisa. Angalia pia kama kipima muda na kazi ya foleni vinaamshana. Hapo weka bendera ya "tunaondoka" ambayo vyote viwili vinaisoma kabla ya kujipanga upya. Kwenye kerneli mpya jina ni `timer_delete_sync`.

Huwezi kuandika lugha ya C? Zima Wi-Fi kwenye alama yake, hesabu hadi kumi, ndipo uchomoe. Hilo linapunguza tu, haliponyi.

Nilipiga `unbind` na `bind` mara mia mbili kwa kitanzi cha bash, kisha dada akachomoa mwenyewe kwa mkono mara kumi na tano. Haikufa. Juzi kanipigia tena, sasa ni printa inavuta karatasi mbilimbili.