Msimamizi Peke Yake Hatoshi: Namna ya Kujitafutia Msaada Unaposoma Shahada ya Uzamili au Uzamivu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huongozwa na ratiba ya vipindi, majaribio na mitihani. Akifika uzamili na kuanza tasnifu, na zaidi akiingia uzamivu, ratiba hiyo huondoka, na kinachobaki ni yeye, mada yake na msimamizi mwenye shughuli nyingi. Msaada upo katika vyuo vyetu vya Tanzania na Kenya, lakini umetawanyika katika ofisi na taasisi mbalimbali, na asiyejua pa kuanzia huishia kumtwika msimamizi mzigo wote.

Tuanze na huyo msimamizi, kwa kuwa uhusiano naye ukiharibika mengine yote huwa magumu. Kila baada ya kikao, siku hiyohiyo au kesho yake, mwandikie ujumbe mfupi unaoeleza mlichokubaliana, kwa mfano: “Shikamoo Profesa. Nashukuru kwa kikao cha leo. Nimeelewa kwamba nipunguze malengo mahususi kutoka matano hadi matatu, nieleze upya namna nilivyopata sampuli, na nikuletee sura ya tatu ifikapo tarehe 14. Endapo nimeelewa vibaya mahali popote, naomba unielekeze.” Ujumbe huo hauchukui hata dakika kumi kuuandika, nao hukulinda kwa miaka. Wahadhiri wetu huteuliwa kushika nyadhifa serikalini, huenda likizo za masomo, hustaafu. Msimamizi mpya akikabidhiwa kumbukumbu hizo ataendelea pale mlipoishia badala ya kukurudisha mwanzo. Ikitokea miezi imepita bila kupata mrejesho, usinung’unike vijiweni. Mwone mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako ukiwa na kumbukumbu hizo mkononi, na suala lisipopata ufumbuzi hapo, lipeleke kwa maandishi katika ofisi ya chuo inayoshughulikia masomo ya uzamili.

Vibali vya utafiti ndivyo vinavyowachelewesha wengi. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Tanzania, safari huanza kwa barua inayotolewa kwa mamlaka ya Makamu Mkuu wa Chuo, ambayo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Huyo humwandikia Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, na kutoka hapo unateremka hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa. Barua hutaja eneo na muda wa utafiti, kwa hiyo hakikisha mikoa yote unayoikusudia imeandikwa kabla hujaondoka chuoni, kwani kuongeza wilaya ukiwa tayari uwandani maana yake ni kurudi nyuma. Tembea na nakala kadhaa, maana kila ofisi itabaki na moja. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hushughulikiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Zanzibar ina utaratibu wake. Nchini Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, chombo kilichowekwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, na maombi hufanywa kwa njia ya mtandao. Ulizia mahitaji haya ukiwa bado unaandika pendekezo la utafiti, wala usisubiri lipitishwe.

Kwa maoni yangu, mtu anayesahaulika kuliko wote chuoni ni mkutubi. Wanafunzi hukwama mbele ya makala zinazouzwa kwa dola, ilhali huenda chuo chao kimesajiliwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa gharama nafuu. Ndani yake kuna Hinari ya masuala ya afya, iliyoanza mwaka 2002, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu binafsi, kwa hiyo nenosiri liulizie maktaba. Ukiwa hapohapo, omba ufundishwe Zotero, programu ya bure inayotunza marejeleo na kuyapanga kwa mtindo unaotakiwa na idara yako. Ianze tangu makala ya kwanza unayosoma.

Katika uchapishaji, tafadhali kuwa mwangalifu sana. Mwaka 2014, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili, na wa uzamili makala moja, katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Shinikizo la namna hii ndilo soko la majarida ya kilaghai. Barua pepe inayokusifu kupita kiasi, inayoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja na kutaja ada kabla hata makala haijasomwa, iache. Ada peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwa sababu majarida mengine mazuri hutoza pia. Fungua orodha ya wahariri, wachague wawili, kisha tazama katika kurasa za vyuo vyao kama nao wanalitaja jarida hilo. Angalia pia kama limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998, na upitie maswali ya Think. Check. Submit., tovuti inayomsaidia mwandishi kupima jarida kabla ya kulipelekea makala. Wanaoandika kwa Kiswahili wanayo majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Mulika na Kioo cha Lugha.

Nje ya chuo ipo mitandao inayotoa mafunzo na ufadhili. CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, huwalea wanafunzi wa uzamivu ambao ni watumishi wa taasisi wanachama. Mchumi aitazame AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika. Mwanafunzi wa kilimo, RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao Kampala. Wa sayansi za jamii, CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar. Na wanawake wanaosomea uzamivu wa sayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo lenye ofisi Nairobi, imewafadhili wengi kusoma ndani ya ukanda huu. Soma masharti ya umri, uraia na ajira kabla ya kuandika chochote, na umwombe mwalimu barua ya kukupendekeza wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho, ukimwambatishia wasifu wako na maelezo ya ufadhili wenyewe.

Mwisho ni afya na maisha yako. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ni ya wanafunzi wa uzamili pia, hata kama una familia na unaishi mbali na kampasi. Ukiuguliwa, ukifiwa au ukiishiwa ada, usipotee kimyakimya: omba kuahirisha masomo kwa maandishi mapema, ambatisha vielelezo, na uhifadhi nakala yenye mhuri wa ofisi iliyopokea.