Kujiandaa kwa udaktari Marekani ukiwa bado chuoni

Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) Tanzania hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja kwenye MD, shahada ya udaktari, ya miaka 5. Marekani njia ya kawaida ni nyingine: unasoma shahada ya kwanza ya miaka 4, kisha unaomba udaktari, ambao ni miaka 4 mingine. Premedi, yaani maandalizi ya udaktari ukiwa shahada ya kwanza, si shahada. Unaweza kusoma historia ukaingia udaktari, alimradi umepita kozi za sayansi zinazotakiwa.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Anayetaka kuanza udaktari mwaka uleule anaohitimu hutuma maombi Juni, mara amalizapo mwaka wa tatu. Kwa hiyo atapimwa kwa mihula 6 tu, na muhula wa kwanza, ule ambao wengi wanautumia kuzoea baridi na chakula cha bweni, una uzito sawa na mingine yote.

Alama, kwa kuwa haziponi haraka

Maombi ya vyuo vingi vya MD hupitia mfumo mmoja, AMCAS. Mfumo huu unataka transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma Marekani, hata kozi moja ya kiangazi kwenye chuo cha jamii, hata ile ya chuo uliyoisoma ukiwa sekondari. Kisha unatoa GPA (wastani wa alama, A ikiwa 4.0) ya jumla na GPA ya sayansi, yaani biolojia, kemia, fizikia na hisabati.

Marekani hakuna sapu, mtihani wa marudio. Ukirudia kozi, chuo chako huenda kikafuta alama ya zamani, lakini AMCAS inahesabu zote mbili. Mwenye kredi 60 na GPA ya 3.2 akipata A tupu katika kredi 30 zinazofuata, anafika 3.47 tu. Ndiyo maana kinga ni rahisi kuliko tiba: muhula wa kwanza chukua kemia yenye maabara (kredi 4), biolojia yenye maabara au hisabati (4), uandishi (3), na kozi moja ya fani nyingine (3). Kredi 14 zinatosha. Kozi tatu zenye maabara kwa mpigo ni kosa la wanafunzi waliozoea kuongoza darasa nyumbani.

Andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi. Ikiwa mtihani wa katikati ya muhula umekupa 52 na uliobaki hauwezi kukuinua hadi B, jitoe. W moja (alama ya kujitoa) kwenye transkripti haiingii kwenye GPA. C inaingia, na haitoki. Kabla ya kujitoa tazama kredi zinazobaki: zikishuka chini ya 12 wewe si mwanafunzi wa muda wote tena, na msaada wa fedha au viza vinaweza kutetereka.

Mnyororo wa kozi

Vyuo vinatofautiana, ila ukiwa na hizi uko salama karibu kila mahali: mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa kemia ya jumla, mmoja wa kemia ogania na mmoja wa fizikia, zote na maabara, muhula mmoja wa bayokemia, mwaka wa Kiingereza, takwimu, saikolojia na sosholojia. Kemia ndiyo uti wa mgongo: ya jumla mwaka wa kwanza, ogania wa pili, bayokemia mwanzoni mwa wa tatu. Mara nyingi sehemu ya kwanza ya kila kozi hufundishwa muhula wa Agosti tu, hivyo ukiteleza mara moja umepoteza mwaka.

Kwa aliyesoma chuo kikuu Afrika Mashariki kisha akahamia Marekani: AMCAS haikokotoi alama za vyuo vya nje, na vyuo vingi vya udaktari vinataka kozi za msingi zisomwe Marekani au Kanada. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, naye ajue kwamba vyuo vingi havipokei wanafunzi wa kigeni, na mikopo ya serikali ya shirikisho hapati. Mwenye kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi hayuko kwenye fungu hilo.

MCAT

Huu ndio mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari. Una maswali 230 katika sehemu nne: kemia na fizikia, usomaji makini, biolojia na bayokemia, saikolojia na sosholojia. Usomaji ni maswali 53 kwa dakika 90. Zilizobaki ni 59 kwa dakika 95 kila moja. Pamoja na mapumziko unakaa saa saba na nusu. Alama ni kuanzia 472 hadi 528, na 500 ndiyo katikati. Jibu kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali tupu.

Kikokotoo hakiruhusiwi. Zoea kukadiria. Mfano: ukolezi wa ioni za hidrojeni ni 3 × 10⁻⁵, pH ni ngapi? Kwa 1 × 10⁻⁵ ingekuwa 5. Kwa 10 × 10⁻⁵ ingekuwa 4. Logi ya 3 ni karibu nusu, kwa hiyo jibu ni 4.5 hivi. Chagua linalokaribia, songa mbele.

Tenga kama saa 300: wiki 12, saa 25 kila wiki. Wiki 5 za mwanzo ni za kupitia somo, zilizobaki ni za maswali. Fanya angalau mitihani 6 kamili ya mazoezi, saa ileile ya asubuhi, na siku inayofuata pitia kila kosa ukiandika sababu yake: sikujua, nilijua nikasoma vibaya, au muda uliisha. Hayo matatu yana dawa tofauti. Sehemu ya usomaji haikaririki. Vifungu viwili kila siku, kuanzia mwaka wa pili. Kumbuka pia kikomo: mara 3 kwa mwaka, mara 7 maishani, na kutotokea siku ya mtihani kunahesabiwa.

Wagonjwa

Kumfuata daktari na kutazama ni saa 40 au 50, basi. Zaidi ya hapo fanya kazi inayokugusisha mgonjwa: msaidizi wa uuguzi, gari la wagonjwa, kujitolea hospitali. Anza kuomba miezi miwili kabla, maana kipimo cha kifua kikuu, chanjo na ukaguzi wa rekodi huchelewesha.

Kiswahili chako nacho ni mali. Miji iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo inahitaji wakalimani wa hospitali, na mafunzo ya saa 40 ndiyo kima cha chini kwa cheti cha kitaifa. Kazi hiyo inakufundisha kutobahatisha. Mgonjwa akisema ana kichomi, je, ni maumivu ya ubavuni au anamaanisha nimonia aliyowahi kuambiwa? Mkalimani mzuri humwarifu daktari kwamba neno lina maana mbili, akaomba kuuliza.

Kila tukio liandike wiki hiyohiyo: tarehe, saa, msimamizi, ulichofanya. Jina la mgonjwa usiliandike popote. HIPAA, sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa, haina mzaha. Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, herufi 700 kila moja.

Barua na Juni

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu: walimu wawili wa sayansi na mmoja wa fani nyingine. Nenda saa za ofisi tangu wiki ya pili ukiwa na swali la kweli. Ukiomba, uliza hivi: "Je, Profesa, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru na umtafute mwingine. Mpe wiki nne.

Omba mpango wa msaada wa ada wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoendesha MCAT na AMCAS, kabla ya kulipia MCAT au AMCAS, kwa sababu pesa ikishalipwa hairudi. Ukikubaliwa unaweza kuomba hadi vyuo 20 bila ada ya AMCAS.

Fomu hufunguliwa Mei. Insha binafsi ni herufi 5,300, nafasi zikihesabiwa. Tuma wiki ya kwanza ya Juni, kwani uhakiki wa transkripti ukijaa huchukua wiki kadhaa, na vyuo vingi husaili kadiri maombi yanavyoingia. Matokeo ya MCAT hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Aliyefanya mtihani mwisho wa Agosti faili lake linakamilika Septemba iko mwishoni, usaili umeshaanza. Kama hujawa tayari Mei, subiri Juni ya mwaka unaofuata.