Kuzamia meli ya Dania, Mombasa: anza na hesabu ya kurudi

Wanaoniuliza kuhusu Dania huanza na samaki. Chewa wakubwa bado wapo? Kasa wanaonekana? Chewa wapo, na kasa ukibahatika utamwona. Ila mimi kabla ya samaki nataka kujua kitu kimoja: geji yako, ile saa ya kupimia hewa iliyobaki mtungini, itasoma ngapi wakati unaiacha meli. Ukiwa na namba hiyo mkononi kabla hujapanda boti, mengine hupangika yenyewe.

Kwa asiyeijua, Dania ilikuwa meli ya kubebea mifugo. Mwaka 2002 ilizamishwa kwa makusudi nje ya mwamba, pwani ya kaskazini ya Mombasa, iwe mwamba wa kutengenezwa. Imekaa wima juu ya mchanga, na chini kabisa ni kama mita 30. Cheti cha mwanzo cha uzamiaji kinaishia mita 18, kwa hiyo ukiwa nacho hicho tu, tamaa iache pwani. Kamilisha kwanza mafunzo yanayokufikisha mita 30.

Hatua ya 1: Siku na maji

Kaskazi ndiyo nyakati zake, hasa Januari hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na maji meupe. Kusi likishika, mawimbi hupanda, maji huchafuka, na kuuvuka mlango wa mwamba kwa boti ni kazi peke yake. Hata kwenye kaskazi, tazama mwezi. Siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo unaweza kukukokota kwenye kamba nzima ya kushukia ukiwa umeining'inia kama bendera, na utakuwa umemaliza hewa kabla ya kuiona sitaha. Mimi hupendelea maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, na huomba tufike pale maji yakikaribia kusimama.

Hapa msikilize nahodha. Asubuhi moja nilikuwa nimeshavaa mtungi, miguu iko ubavuni mwa boti, mzee wa usukani akaniambia, "Ngoja kwanza mwanangu, maji hayajasimama." Nilitazama juu, bahari shwari kama sahani. Akanionyesha kamba ya boya: ilikuwa imelala, imekaza, na boya lenyewe limeinamisha kichwa. Tulingoja dakika ishirini na ushei. Tuliposhuka, kamba ilikuwa imesimama wima.

Hatua ya 2: Hesabu, ukiwa nchi kavu

Chukua kalamu. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya la juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara nne. Mzamiaji mtulivu anayetumia lita 18 kwa dakika akiwa juu, chini pale anatumia 72.

Sasa jiulize: mwenzangu akiishiwa hewa kule chini, sisi wawili tutapanda kwa mtungi wangu mmoja, tukiwa na hofu. Mtu mwenye hofu mhesabie lita 25, wawili ni 50. Dakika moja ya kutulia na kupeana kipumulio: 50 mara 4, lita 200. Kupanda taratibu, dakika nne, wastani wa shinikizo 2.5: lita 500. Kituo cha dakika tatu kwenye mita 5: 50 mara 1.5 mara 3, lita 225. Jumla 925.

Mtungi wa aluminiamu unaokutana nao sana pwani yetu ni wa lita 11. Gawanya: bari 84, bari ikiwa ndicho kipimo cha shinikizo kinachosomwa kwenye geji. Mimi naandika 90. Hiyo ndiyo namba ya kuiacha meli. Hamsini ambayo wengi wameikariri ni ya kufika juu nayo; ukiwa kule chini kwenye mita 30, hamsini ni deni.

Mtungi ukianza na 200, kushuka kukala 10, na 90 ukiziweka akiba, una bari 100 za matembezi. Lita 1,100 gawanya kwa 72: dakika 15. Ndiyo hizo tu. Jedwali la mbizi linalotumika sana linakupa dakika 20 kwenye mita 30 kwa hewa ya kawaida, kwa hiyo mtungi utakusimamisha kabla ya kikomo cha nitrojeni inayojaa mwilini. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo mtu akinunua nitroksi ya 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, "ili nikae zaidi". Jedwali litamruhusu dakika 30, ni kweli, lakini mtungi wake haujanenepa. Faida ya nitroksi hapa ni kubeba nitrojeni kidogo mwilini, hasa kama kuna mbizi ya pili mchana. Nayo ina sakafu yake: 32 usipite mita 33. Na upime mwenyewe kilichomo mtungini kwa kipima oksijeni, usikubali namba ya mdomo.

Hatua ya 3: Vifaa

Vya kawaida, pamoja na vitatu: tochi, boya la kupuliza lenye kamba yake, na kitu cha kukatia. Mkasi ni bora kuliko kisu, nitakwambia kwa nini.

Hatua ya 4: Kushuka

Shika kamba, usishuke wazi. Mkondo hata ukiwa mdogo utakupitisha pembeni ya meli, na kuitafuta meli kwa kuogelea mita 25 chini ni kuchoma hewa bure. Fungua masikio mapema, kila mita moja, kabla hayajauma. Mkiwa mita 5 simameni: angalieni viputo vya kila mmoja, geji, na mapezi kama yamekaza. Kisha endeleeni.

Karibu na mita 15 utaona kivuli, halafu kivuli kitapata kingo. Rangi nyekundu imeshapotea hapo. Ukijikwaruza damu itaonekana kijani, usishtuke. Washa tochi juu ya chuma ndipo utaona kimevaa nini: matumbawe laini, sifongo, nyekundu na manjano mahali ulipodhani pana kutu tupu.

Kuna na ulevi wa nitrojeni. Watu husubiri kizunguzungu, na wengi hawakipati. Unachopata ni ujinga mtamu. Unaitazama geji, unaona 110, na namba haikuambii kitu. Kipimo changu ni hiki: nikifika sitaha namwonyesha mwenza vidole vya geji yangu, naye anijibu na yake. Akichelewa, au akinijibu kwa alama ya "sawa" badala ya namba, tunapanda mita tano hadi akili irudi.

Hatua ya 5: Kwenye meli

Anza upande mkondo unakotoka, umalizie karibu na kamba. Kaa juu kidogo ya chuma, usiguse. Mapezi yakichota vumbi, aliye nyuma yako haoni kitu, na samaki jiwe hukaa palepale unapotaka kuegemea. Kolekole hupita juu kwa makundi, mkunga atatoa kichwa kwenye tundu, chewa atakutazama kama mwenye nyumba.

Ndani usiingie. Milango ipo wazi na mwanga unaonekana upande wa pili, hapo ndipo mtego ulipo. Kupenya meli kuna mafunzo yake, uzi wake na akiba yake ya hewa. Hesabu niliyokuandikia haijaweka hata lita moja ya kutafuta mlango gizani.

Na mishipi. Wavuvi wanajua samaki wako wapi, na mishipi yao iliyonasa hubaki pale, myembamba, haionekani. Machi moja, mgeni niliyekuwa nimemwongoza alisimama ghafla kama amekamatwa kwa nyuma. Uzi ulikuwa umezunguka shingo ya mtungi wake na kushika kwenye chuma, na kila alipojigeuza ulikuwa unakaza. Nilimshika bega nikamwonyesha: tulia. Nilitoa kisu, na uzi ukawa unateleza mbele ya makali kwa sababu haukuwa na pa kukazia. Niliukunja kwenye kidole ndipo ukakatika, na kidole nacho kikapata chake. Zilipita dakika mbili. Geji yake ilikuwa 105 tulipoanza. Ilipokwisha ilikuwa 82. Tungekuwa tumepanga kuondoka na 50, angesema bado tuna muda, tumalizie omo, mbele ya meli. Toka siku hiyo nabeba mkasi.

Hatua ya 6: Kupanda

Wa kwanza kufika 90 ndiye anayewaondoa wote, hata kama mwenzake ana 130. Hakuna mjadala wa vidole. Pandeni kwa kamba, mita 9 kwa dakika au pungufu, dakika tatu kwenye mita 5. Mkiikosa kamba, msiitafute: pulizeni boya, pandeni na uzi wake, nahodha atawafuata.

Kwa kulinganisha, kule Florida, karibu na Pensacola, Wamarekani walizamisha manowari kubwa ya kubebea ndege, Oriskany, tarehe 17 Mei 2006. Tumbo lake liko kama mita 65. Mzamiaji wa kawaida anaishia kwenye mnara wake tu, unaoanzia mita ishirini na kitu, na anarudi ameridhika. Nawatajia wageni wangu hiyo wanaponung'unika kwamba hawakuona tezi, nyuma ya meli.

Ukishafika juu

Kunywa maji, kaa kivulini, usinyanyue mitungi mizito. Ganzi, maumivu ya kiungo au uchovu usio wa kawaida usiuite baridi yabisi, huenda ni nitrojeni: omba oksijeni na useme mara moja. Chumba cha shinikizo kiko wapi na kinafikiwaje, hilo uliza kwenye ofisi ya wazamiaji kabla ya kulipa. Kupanda ndege, subiri saa 12 baada ya mbizi moja, 18 ukiwa umezamia mara kadhaa. Mwenye ndege ya jioni kutoka uwanja wa ndege wa Moi, basi Dania aifanye jana yake.